Walioumia vitani walikula nini baada ya hapo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila ikikaribia tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, magazeti yanajaa picha za mnara, mashada, mkuki na ngao, na habari za vita zinaandikwa vizuri tu, nani alipigana wapi na nani alianguka wapi. Mkishamaliza vita mnaishia hapo hapo. Sasa yule aliyerudi na risasi mwilini, mguu haukunjiki, ana mke na watoto wanamngoja, kesho yake alishika kazi gani? Hilo hamliandiki, na mimi niliyefanya kazi posta maisha yangu yote naona ndo sehemu kubwa ya habari.

Nichukue mfano wa mtu mmoja wa Marekani, William Carney, kwa sababu maisha yake yanajulikana karibu mwanzo mwisho na huku kwetu wengi hawamjui kabisa. Alizaliwa mtumwa huko Norfolk, Virginia, mwaka 1840. Familia yake ikaja kuhamia New Bedford, mji wa bandari kule Massachusetts uliokuwa unaishi kwa kuvua nyangumi, na kijana alikuwa anataka kuwa mhubiri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamkuta na miaka 23, akajiandikisha kwenye kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha watu weusi chini ya Kanali Robert Gould Shaw ambaye alikuwa mzungu.

Tarehe 18 Julai 1863 jioni wakapelekwa kuivamia Fort Wagner, ngome ya majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa, karibu na Charleston, South Carolina, kwenye kipande chembamba cha mchanga, bahari upande mmoja na kinamasi upande wa pili, pa kujificha hakuna. Walikwenda kama watu 600, na waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walizidi 250, kanali mwenyewe akiwemo kwenye waliokufa. Mbeba bendera akaanguka, Carney akaidaka, akapanda nayo mpaka kwenye tuta la ngome, na walipoambiwa warudi nyuma akarudi nayo huku anapigwa risasi, mwilini na kichwani. Askari wa kikosi kingine alimkuta njiani akataka amsaidie kuibeba, akamkatalia, akasema haibebwi na mtu asiye wa 54. Alipofika kwa wenzake akawaambia bendera haijagusa ardhi, kisha akaanguka.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi wanapofunga kitabu. Mi naomba tuendelee.

Kwanza hela. Hawa askari waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama askari weupe, serikali ikaja kuwapa 10, na hapo hapo inakata 3 za nguo, kwa hiyo mtu anabaki na 7. Kikosi kizima kikakataa kupokea hata senti, wakapigana bila mshahara zaidi ya mwaka mzima wakati nyumbani wake zao wanaomba unga, mpaka Bunge likasawazisha malipo Juni 1864. Na mwezi huo huo wa Juni Carney akaachishwa jeshi kwa sababu ya ulemavu wa majeraha. Ana miaka 24, mwili umetobolewa, anarudi New Bedford.

Akaanza na kazi ya taa za barabarani. Akaoa 1865. Akaenda California kubahatisha, haikukaa sawa, akarudi. Mwaka 1869 akapata kazi ya kupeleka barua mjini New Bedford na akaifanya miaka 32, yani mpaka 1901, karibu nusu ya umri wake wote tokea utotoni mpaka kaburini. Mtu anatajwa kwa saa chache za jioni moja na miaka 32 hamna anayeitaja!

Na hiyo kazi haikumwangukia tu kutoka mbinguni, kuna sheria nyuma yake na hapa ndo nataka Mhariri unisikilize vizuri. Kule Marekani toka 1802 ilikuwa imeandikwa kwenye sheria kwamba anayebeba barua za serikali lazima awe mtu huru na awe mzungu. Mtu mweusi hata kama yuko huru, haruhusiwi. Sheria hiyo ikafutwa tarehe 3 Machi 1865. Na siku hiyo hiyo Bunge likapitisha azimio lingine kwamba askari walioachishwa kwa heshima kwa sababu ya majeraha au ugonjwa wa vitani wafikiriwe kwanza kwenye kazi za serikali. Siku moja, milango miwili. Carney alikuwa mweusi na alikuwa majeruhi, bila mlango wa kwanza asingeweza kugusa mfuko wa barua, na ule wa pili ukawaambia wakubwa wa maofisi kwamba mtu wa namna yake asiachwe nje anaangalia. Mpaka leo huko kwao askari aliyeumia akiomba kazi ya serikali anaongezewa pointi 10 kwenye mtihani.

Kazi yenyewe watu wasidhani ilikuwa ya kupumzikia. Huku kwetu barua inaingia kwenye sanduku, S.L.P., unaifuata mwenyewe na funguo yako, kwa hiyo wengi hatuijui kazi ya kugonga mlango mmoja mmoja. Kule huduma ya kupelekewa barua nyumbani bure ilianza tarehe 1 Julai 1863 kwenye miji 49, wiki mbili na ushee tu kabla ya Fort Wagner. Na nyumba nyingi wakati ule hazikuwa na tundu la kuingizia barua wala kisanduku cha mlangoni, sharti la kuweka hivyo vitu lilikuja 1923, kwa hiyo mpeleka barua alikuwa anapanda ngazi, anagonga, anangoja, akifunguliwa anakabidhi mkononi, asipofunguliwa anaondoka nayo anairudisha tena raundi nyingine. Begani mfuko wa ngozi. Massachusetts ina barafu miezi kadhaa ya mwaka. Sasa weka hapo mwili wa mtu aliyepigwa risasi, umpe miaka 32.

Nayajua haya kwa macho yangu mwenyewe. Nilipoajiriwa nilimkuta mzee mmoja kwenye chumba cha kuchambulia barua, alikuwa amepigana Kagera na kurudi na vipande vya chuma kwenye paja. Asubuhi magunia yakishamwagwa mezani alikuwa anaegemeza nyonga ya upande mzima kwenye rafu, ule mguu mbovu anauweka juu ya gunia tupu lililokunjwa, halafu mikono inakwenda, barua zinaingia kwenye visanduku hata haangalii namba, na akishika barua ya rejista anaitenga chini ya kidole gumba bila kusimamisha mkono wa pili. Sisi vijana tulikuwa hatumfikii hata robo. Kipindi cha mvua mguu ukimuuma anauma tu midomo anaendelea. Alistaafu, akafariki, na hakuna gazeti lililowahi kumuuliza neno lolote, si la vita wala la posta.

Kitu kingine kilichonigusa kwa Carney na wenzake ni kwamba hawakukaa kimya wakasubiri kuonewa huruma. Chama cha wapeleka barua wa Marekani kilianzishwa Milwaukee, Agosti 1889, na siku zile zilichaguliwa makusudi kwa sababu mkutano wa mwaka wa askari wastaafu ulikuwa unafanyika hapo hapo, wapeleka barua wengi walikuwa ni hao hao askari wa zamani na nauli ya treni ilikuwa imepunguzwa. Tawi la New Bedford lilipoundwa 1890 Carney akawa makamu mwenyekiti wake wa kwanza. Yule aliyekataa mshahara pungufu akiwa askari, akiwa na miaka 50 yumo kwenye chama anapigania mazingira ya kazi ya wenzake. Kwangu mimi huo ni ushujaa ule ule, tena wa kila siku.

Medali ya Heshima ya nchi yake alipewa Mei 1900, karibu miaka 37 baada ya ile jioni, wakati askari weusi waliofanya makubwa baada yake walishazipata zao zamani. Imechelewa mno, na inauma. Ila fikiria kama angekuwa anaingoja hiyo medali ndo ale. Kilichomlea mwanae na kumpa heshima pale mtaani, ni ule mfuko wa barua. Alipostaafu posta hakukaa, akawa tarishi kwenye jengo la Bunge la jimbo, Boston, jengo ambalo bendera za vikosi vya vita vile zilikuwa zimehifadhiwa. Akafia kazini vilevile, lifti ya jengo ilimkandamiza mguu na akafariki tarehe 9 Desemba 1908. Amezikwa New Bedford.

Sasa ombi langu, Mhariri. Wazee waliopigana Kagera 1978 na 1979 wengi wao sasa wamevuka miaka 65 na wanaondoka kila mwezi. Watumeni waandishi wenu, hata mmoja kila mkoa, wawafuate wale walioumia, na wasiwaulize ya bunduki peke yake. Wawaulize walirudi lini, nani aliwapokea, kazi ya kwanza ilikuwa ipi, nani aliwapa, waliifanya vipi na hicho kiungo kilichoharibika, mshahara ulitosha nini. Wawaulize na wake zao, maana wao ndo waliokanda hiyo miguu usiku. Waliokuwa walinzi muwaandike, waliokuwa madereva, walimu, watu wa bohari, watu wa posta, na ambao hawakupata kitu muwaandike pia tujue ilikuwaje. Halafu muichape Julai, ukurasa ule ule mnaoweka picha ya mnara.

Na nyie viongozi mnaosoma gazeti hili, mkiwa na nafasi ya kazi ofisini ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa amekaa au ameegemea, mwanajeshi aliyeumia kazini aitwe kwanza kabla ya tangazo kutoka.

Mimi bado ninayo majina ya wazee watatu hapa mjini kwetu waliokuwa posta na walipigana, mmoja anaongea vizuri sana na kumbukumbu anayo. Mwandishi akija nitampeleka mwenyewe.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mstaafu wa Posta, Tabora