Karatasi inasema si saratani, mbona nirudi tena?

Daktari, asalaam alaykum.

Nina miaka 29, mwalimu wa skuli ya msingi huku Wete, mama wa mtoto mmoja. Mwezi wa Septemba, nikioga, mkono ulipita juu ya titi la kushoto ukakwama. Kulikuwa na kitu kigumu kama kokwa ya zambarau. Hakiumi, na nikikisukuma kinateleza chini ya kidole. Sikulala usiku ule. Mama yangu mkubwa alifariki kwa saratani ya titi, na yake pia ilianza kwa kitu kisichouma.

Nilikaa kimya wiki 2. Kisha nikamwambia mume wangu, tukapanda boti Mkoani mpaka Unguja. Kule nilipigwa ultrasaundi. Kivimbe kilikuwa sentimita 2, kingo zake laini, na daktari alisema hakimtii wasiwasi, lakini kwa ajili ya habari ya mama mkubwa afadhali achukue kinyama kidogo kikapimwe.

Mama aliposikia alinipigia simu analia. "Usikubali mwanangu, chuma kikigusa uvimbe, uvimbe hukasirika ukatambaa mwili mzima. Dada yangu alikuwa akitembea kwa miguu yake mpaka walipomtia kisu." Nikamuuliza daktari hilo hilo, mume wangu akisikia. Hakunicheka. Akasema wengi hufika kwenye kisu maradhi yameshatambaa zamani, halafu watu wanaanza kuhesabu siku ya kisu, siku ya uvimbe hawaihesabu.

Nikakubali. Alinichoma ganzi, kisha sindano nene iliyolia tak! mara 3. Akanionesha alichotoa, vinyama vyeupe vyembamba kama tambi, vimezama kwenye kichupa cha dawa yenye harufu ya kukwaruza koo. Majibu, wiki 3. Ulikuwa msimu, kila usiku tunachambua karafuu kwa mama mkwe. Mikono inatenga karafuu na makonyo, akili yangu imo ndani ya kichupa kile.

Karatasi imekuja na maneno haya: faibroadenoma, haipaplasia ya kawaida ya vifereji vya maziwa, hakuna atipia (chembe zilizobadilika sura), hakuna saratani. Daktari alinieleza kuwa faibroadenoma ni tezi za maziwa na nyama inayozishikilia zimeota zikafanya donge, na kwamba wasichana na wanawake wa umri wangu wanazo wengi. Nilimshukuru Mungu mpaka machozi. Halafu akaniambia nirudi baada ya miezi 6, nipigwe picha tena.

Hapo ndipo nilipokwama. Kama si saratani, nirudi kutazama nini? Mtoto wa ami yangu ameisoma karatasi, anasema haipaplasia maana yake chembe zimezidi, na chembe kuzidi ndiyo njia ya saratani. Mama mkwe anataka kitolewe sasa kabla sijashika mimba, kwa kuwa amesikia mimba hukikuza. Mume wangu anasema tumfuate daktari. Mimi nimo katikati, na karatasi nimeikunja na kuikunjua mpaka imechanika mkunjo.

Naomba unieleze: lile neno "ya kawaida" lina uzito gani, na ile atipia ambayo sina ingebadilisha nini? Nikishika mimba kikakua, nitajuaje kuwa ni mimba na si jambo jingine? Na dalili gani isinisubirishe miezi 6?

La mwisho ndilo zito zaidi. Juzi baada ya Isha mama aliniita chumbani, akafunga mlango, akashusha kanga. Ana miaka 58. Donge lake halitelezi hata kidogo, nimelisukuma limekaa pale pale, na ngozi ya juu imevutika ndani. Anasema analo tangu mwaka jana. Hataki Unguja, hataki sindano, na ameniapisha nisimwambie kaka. Karatasi yangu nimemsomea yote, akaniambia, "Yako imesema kheri, yangu niachie."

Nimwambie nini, daktari, ili apande boti na mimi wiki hii?

Mwalimu, Wete, Pemba