Mjomba, usisubiri mkojo ukusumbue

Mjomba wetu, shikamoo.

Unasema huendi kupima tezi dume kwa kuwa unakojoa vizuri. Hilo ndilo linalotutia hofu. Tezi hiyo iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Uvimbe wa kawaida wa utu uzima huanzia ndani, huubana mrija, na mtu huamka usiku mara 3 au 4. Saratani nyingi huanzia pembeni, upande wa nyuma. Inaweza kukua miaka na mkojo ukatoka vizuri tu, na mgongo au nyonga zikianza kuuma huenda imeshafika kwenye mifupa.

Wanaume wengi hushauriwa kuanza kuzungumza na daktari kuhusu kipimo cha saratani hii wakiwa na miaka 50. Sisi weusi, na yeyote ambaye baba au kaka yake aliugua, ni 45. Wewe una 52, na babu, yaani baba yako, aliugua.

Kipimo cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, ni damu ya mkononi tu; kunywa chai yako, hakuna kufunga. Ila majibu huharibika kirahisi. Siku 2 kabla, acha baiskeli na, tuwie radhi, tendo la ndoa pia. Kama una UTI au umetolewa mpira wa mkojo karibuni, ngoja kama wiki 6. Na kama unameza finasteride, dawa ya kupunguza uvimbe wa tezi, mwambie daktari bila kuficha: ikitumika miezi 6 hivi hushusha PSA karibu nusu, kwa hiyo 3 yako huenda ni 6.

Madaktari wengi huanza kuhoji PSA ikifika 4. Ikizidi, usiuze shamba. Maambukizi nayo huipandisha, kwa hiyo hurudiwa baada ya wiki kadhaa kabla ya picha ya MRI au kutolewa vinyama vya kupimwa. Na saratani ikionekana, si kila moja hupasuliwa. Zile za polepole hufuatiliwa tu.

Kidole unachokiogopa, cha daktari kupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, hakimalizi dakika: glovu, jeli, unalala ubavu. Kunja ngumi, ubonyeze nyama ya chini ya dole gumba. Tezi yenye afya iko hivyo. Sasa gusa kifundo cha kidole. Ugumu huo ndio daktari anaoutafuta.

Karatasi ya majibu usiitupe, hata ikiwa nzuri. Safari ijayo daktari atataka kuona namba imepanda kutoka ngapi.

Wapwa zako