Mwanangu, usiruhusu mtu apige msasa hiyo sakafu

Mwanangu mpendwa, salama? Mama yako kanionyesha zile video zako za sakafu ya mbao inayojikunja na kupiga kelele, jana usiku nikaziangalia mara tatu nne na sauti nikaongeza mpaka mwisho, usingizi haukuja vizuri. Umesema fundi kaahidi kuja Jumatatu na mashine ya msasa asawazishe mbao halafu apake vanishi upya na yataisha. Mama, nakuomba sana, mpigie huyo fundi leo hii hii umwambie asije kwanza.

Nieleze kwa nini. Kwenye video ya pili pale ulipoweka rula juu ya mbao, katikati kuna mwanga unapita chini ya rula na kingo za ubao ndo zinaigusa, yaani kila ubao umekuwa kama sahani. Hiyo ni lugha ya mbao, inakwambia tumbo lake la chini limelowa kuliko mgongo wake wa juu. Maji yako chini. Sasa ukipiga msasa leo unakata zile kingo zilizonyanyuka, sakafu inaonekana tambarare, unafurahi, kiangazi kikija mbao zinakauka zile kingo zilizopunguzwa zinashuka chini na katikati panabaki juu kama mgongo wa kobe, na hapo unene umeshaondoka haurudi. Nayasema haya kwa sababu niliwahi kumfanyia hivyo mteja wa watu, ilikuwa baada ya masika, alikuwa na haraka ya harusi ya binti yake na mimi nikakubali wakati moyoni nilikuwa najua. Miezi sita baadaye kaniita nikaona kazi ya mikono yangu, niliumia sana mwanangu na mpaka leo nikipita ile mitaa nakumbuka.

Kwa hiyo kwanza tutafute maji yanatoka wapi. Uliniambia jamvi, yaani zege la chini ya sakafu, lilimwagwa Novemba na mbao zimepigwa mwishoni mwa Januari. Jamvi inchi nne, juu yake floo ya inchi mbili, hizo ni inchi sita za zege na sisi huwa tunahesabu kama mwezi mmoja kwa kila inchi ndo likauke. Nyie mmelisubiri miezi miwili na kidogo, halafu juu yake masika ya Arusha. Ukiuliza watakwambia zege lilikuwa limekauka maana juu lilikuwa jeupe, lakini jeupe juu siyo kavu ndani. Pale store ambapo hamjaweka mbao chukua kipande cha nailoni nene, kama sentimita 45 kwa 45, kibandike kwenye zege kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, kiache mpaka kesho yake, yapite masaa 16 au zaidi. Ukifunua ukakuta matone chini ya nailoni au zege limekuwa jeusi, jamvi bado linatoa maji. Ukikuta pakavu usishangilie sana, hicho kipimo kinaonyesha unyevu wa karibu na juu tu na kinaweza kudanganya.

Ila mimi nina wasiwasi na kitu kingine zaidi. Umesema korido karibu na bafu ndo kelele imezidi na rangi ya ukuta imeanza kufanya malengelenge chini. Jamvi bichi linalowesha nyumba nzima, halichagui korido. Usiku kabla ya kulala funga bomba zote, hata ile ya tangi, hakikisha hakuna anayeflashi choo, piga picha mita ya maji na asubuhi ipige tena kabla mtu hajanawa. Namba ikiwa imesogea basi kuna paipu inavuja na hapo hata ubadilishe mbao mara kumi ni bure. Isiposogea bado usimalize, maana paipu la maji machafu halionekani kwenye mita, hilo tutalitafuta kwa njia nyingine. Halafu toka nje uangalie ule upande wa bustani mpya, udongo wa maua umepandishwa mpaka wapi? Kama umefunika ile DPC ya kwenye msingi, lile tabaka la kuzuia unyevu usipande ukutani, basi mvua inanyesha na ukuta unakunywa, muombe mkwe wangu auteremshe udongo hata wikiendi hii.

Kuhusu kelele. Vua viatu, tembea taratibu na chaki mkononi, mmoja akanyage mwingine apige magoti aweke kiganja kwenye ubao. Panapolia kwiii weka alama ya msalaba, panapolia ko ko kama debe tupu weka duara. Ule mlio wa kwiii mara nyingi ni mbao mbili zinasuguana pale ulimi wa mmoja unapoingia kwenye mfereji wa mwenzake, au ubao unapanda na kushuka kwenye msumari. Mwaga poda ya mtoto kwenye ule mstari mbao zinapokutana, kanyaga kanyaga iingie, kelele ikipungua ni msuguano, isipopungua ni msumari umelegea. Poda siyo dawa, hiyo ni ya kutujulisha tu. Duara maana yake chini pana uwazi, zile mbili kwa mbili za chini, yaani fito zinazobeba mbao, pengine zilipigwa mbichi zikasinyaa na ubao umebaki unaning'inia. Na ukiona doa jeusi kuzunguka msumari usilifute, lipige picha, ni chuma kimekutana na maji na ubao.

Lingine linaniuma. Mmelipa hela ya mninga. Mninga mwanangu ni mti mtulivu, nimefanya nao kazi maisha yangu yote, hautikisiki ovyo hata ukipata unyevu, ndo maana watu wanaulipia. Hizo zinavyojikunja nahisi ni mkaratusi umepakwa rangi. Vile vipande vilivyobaki chukua kimoja ukwangue upande wa chini kwa kisu, rangi ikiishia juu juu na ndani pamepauka, mmeuziwa kitu kingine. Usigombane na mtu, hifadhi vipande na risiti.

Na dada mwambie asipige deki ya ndoo, afute kwa tambara lililokamuliwa kabisa. Kapeti la sebuleni toa pumzi ipite, madirisha fungua mchana mvua ikikata. Ngoa skating moja tu, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, ile ya kona ya bafu, taratibu isivunjike, uangalie kama mbao zimeachiwa nusu inchi kutoka ukutani au zimebanwa, kama zimebanwa niambie leo leo maana hizo zitainuka zote.

Nakuja mwenyewe. Nitapanda basi la Alhamisi asubuhi kutoka hapa Tanga na kile kipima unyevu changu, nataka nipime mbao na zile mbili kwa mbili za chini, zikipishana zaidi ya asilimia 2 tunasubiri, hata kama ni mpaka Septemba tunasubiri. Nitumie picha za mita kwanza. Mama yako anauliza kama nibebe na nazi.

Baba yako