Kwa Nini Ankara Yetu Ina Kurasa Ulizokwisha Kuzifuta

Mwezi huu mteja mwenye kampuni ya utalii hapa Arusha alitupigia simu akiuliza, kwa uchungu, iweje sisi tunaomkarabatia tovuti tumtoze kwa kurasa 64 za tovuti hiyo ambazo yeye mwenyewe ameagiza zifutwe. Swali hilo hurudi kila mwaka wakati wa masika, wageni wanapopungua na kampuni zikapata nafasi ya kukarabati tovuti, hivyo tumeona tulijibu kwa maandishi.

Ukurasa ukifutwa, anwani yake inabaki: iko katika matokeo ya Google, katika barua pepe uliyomtumia mgeni mwaka jana, na katika makala za wasafiri waliokusifu. Anayeibonyeza hupokelewa na 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupatikani, kisha huenda kwa mshindani wako. Kazi yetu ni kuiagiza seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, anwani kwa anwani, kwamba ukurasa huu umehamia kule kwa kudumu, yaani msimbo wa 301, wala si 302, ambayo ni ya uhamisho wa muda tu. Ili kujua kule ni wapi, lazima mtu akae ausome ukurasa wa zamani na kutafuta unaojibu haja ileile katika tovuti mpya. Hakuna programu inayotufanyia hivyo kwa uaminifu.

Wateja wengi hukwepa gharama hiyo kwa kuelekeza anwani zote kwenye ukurasa wa mwanzo, kazi ya dakika tano. Kampuni moja ya Moshi ilifanya hivyo. Ukurasa wake wa njia ya Marangu ulikuwa ukiletewa wageni na viungo vya tovuti za nje, kwa kuwa Marangu ndiyo njia ya Kilimanjaro ambayo wapandaji hulala kwenye vibanda badala ya mahema, na wapo wanaotaka hilo tu. Baada ya ukarabati, mgeni aliyebonyeza kiungo cha vibanda alikutana na picha ya tembo wa Tarangire. Google nayo, ikiona ukurasa wa mwanzo hauhusiani na ule uliofutwa, huweza kuuhesabu uelekezaji huo kuwa sawa na 404. Walipotujia, miezi minane baadaye, tovuti ya zamani ilikuwa imeshaondolewa kwenye seva, ikatubidi tuokoteze anwani zake kutoka Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, na Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti. Walilipa zaidi ya mara mbili ya bei waliyoikataa mwanzoni, na hatuoni haya kusema kwamba ilikuwa halali yetu.

Wengine hubadilisha jina la tovuti, kisha wakaacha kulilipia la zamani ili kuokoa ada ya mwaka. Jina likiondoka, uelekezaji wote huondoka nalo. Google wenyewe hushauri uelekezaji udumu angalau mwaka 1. Sisi tunasihi jina la zamani lisiachwe kamwe.

Yule mteja wa Arusha tulikaa naye ofisini, tukapitia jedwali la kurasa zake 64 mstari kwa mstari. Kurasa 23 zilikuwa ofa zilizokwisha muda, zisizo na wageni wala viungo. Hizo tuliziwekea 410, kumaanisha zimeondolewa kabisa, na tukazitoa kwenye ankara. Zilizobaki 41 alizilipia kwa bei ileile, baada ya kuona kwamba mojawapo ilikuwa ndiyo iliyomletea kundi lake la mwezi Februari.