Reli iliyoachwa ipewe watembea kwa miguu

Mhariri,

Naunga mkono kwa moyo wote wazo la kujenga njia ya matembezi na baiskeli juu ya tuta la reli isiyotumika. Kazi ngumu ilishafanywa na waliojenga reli: tuta limeshindiliwa, makalavati yapo, na mwinuko ni mdogo kwa sababu treni haiwezi mlima mkali. Mzee mwenye mkongojo, mama anayesukuma kigari cha mtoto, mtu wa kiti cha magurudumu, wote watapita.

Wanaohofia kwamba treni haitarudi tena wasikilizwe, hoja yao ni nzito. Lakini nchini Marekani, sheria ya mwaka 1983 inaruhusu ukanda wa reli utunzwe kama njia ya matembezi huku nafasi ya kurudisha treni ikibaki. Katy Trail, njia ya matembezi na baiskeli ya jimbo la Missouri yenye zaidi ya kilomita 380, ililindwa hivyo.

Ninachosisitiza ni mataruma ya zamani ya mbao, yale magogo yaliyolazwa chini ya vyuma vya reli. Mengi yalitiwa kreosoti, mafuta meusi yenye sumu. Tafadhali yasigeuzwe mabenchi wala kingo za bustani. Na madaraja yakaguliwe na kuwekewa vizuizi pembeni kabla mtoto yeyote hajaruhusiwa kupita na baiskeli.

Mpenda matembezi