Redio wa Magomeni na mwisho wa Sholay

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nichangie mjadala ulioanzishwa humu majuma machache yaliyopita na msomaji mwenzangu wa Temeke, aliyeandika kwamba filamu za siku hizi hazina maana na kwamba vijana wa leo hawajui sinema ni nini. Kwa umri wangu nilitarajiwa kumuunga mkono, na kwa kweli nilikuwa nimekwishaanza kuandika barua ya kumuunga mkono. Niliiacha njiani kwa sababu ya jambo lililonipata sebuleni kwangu mwezi uliopita, nami naona heri nilieleze kama lilivyokuwa.

Mjukuu wangu, ambaye yuko kidato cha tatu, alichoka kunisikia nikiisifu Sholay. Akaitafuta kwenye simu yake, akaiunganisha na televisheni, akaniambia, "Haya Babu, leo tuitazame wote." Tukaitazama. Ni filamu ya Kihindi ya mwaka 1975, yenye urefu unaozidi saa tatu. Mjukuu aliivumilia kwa adabu, na mimi nilisinzia mara mbili, jambo ambalo naliungama hapa kwa aibu maana sikudhani lingewezekana. Lakini ilipokaribia mwisho usingizi ulinitoka. Thakur, yule askari polisi wa zamani aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, amekwishamwangusha adui yake na anamkanyaga kwa viatu vyenye misumari, mara polisi wanatokea, wanamkumbusha kwamba sheria ipo, na Gabbar anachukuliwa akiwa hai. Nilimwambia mjukuu kwamba nakala yake ni mbovu, imekatwa. Kwa karibu miaka hamsini nimekuwa nikiwahadithia watu, ofisini, misibani na hata kwenye daladala, jinsi Thakur alivyomuua Gabbar kwa miguu yake mwenyewe, na jinsi alivyosimama juu ya maiti akilia kwa kuwa hana mikono ya kufutia machozi.

Mjukuu akaniuliza niliiona filamu hiyo katika ukumbi gani. Nikafungua kinywa nimjibu, nisipate jina la ukumbi. Ndipo nilipokumbuka kwamba wakati ule sikuiona. Nilisimuliwa.

Tuliishi Magomeni, na katika kundi letu la vijana wa mtaa alikuwapo mmoja, sasa ni marehemu, ambaye kaka yake alikuwa mpiga tochi katika ukumbi mmoja wa sinema mjini, yule anayewaonyesha watu viti vyao gizani. Kwa upendeleo huo rafiki yetu aliingia bure, tena mara nyingi, wakati sisi wengine tulibahatika kwenda sinema baada ya sikukuu tu, pale senti za Idi zilipokuwa bado mfukoni. Tulimwita Redio. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, kwa maana televisheni ilikuja kuanza huku mwaka 1994, kwa hiyo kijana aliyeona picha Jumamosi alikuwa na deni la kuwasimulia wenzake Jumapili, na Redio alilipa deni hilo kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. (Siku hizo hatukusema filamu. Tulisema picha: picha la Kihindi, picha la karate, picha la kauboi.)

Alisimulia akiwa amesimama kwenye kibaraza cha nyumba yao, baada ya magharibi. Kinanda cha mdomo anachopiga Jai, mmoja wa vijana wawili mashujaa wa picha hiyo, alikipiga kwa kitana kilichofunikwa karatasi. Bunduki ilikuwa kiganja juu ya paja. Sarafu ambayo Jai huirusha kila anapotaka kuamua jambo, na ambayo rafiki yake Veeru anakuja kugundua baada ya kifo chake kwamba ilikuwa na sura moja pande zote mbili, katika usimulizi wa Redio ilikuwa shilingi yetu yenye kichwa cha Mwalimu huku na huku, bila mwenge. Nasi tulitoa shilingi tulizokuwa nazo tukazigeuza kwenye mwanga wa kandili kuhakikisha. Alipofika mahali Jai anapokufa ukazuka ugomvi wa kweli, kwa sababu kanuni ilijulikana na kila mtoto kwamba steringi hafi, na ilibidi usimulizi usimame karibu nusu saa tukibishana kama basi Amitabh Bachchan, aliyeigiza Jai, hakuwa steringi, au kama steringi walikuwa wawili na mmoja anaruhusiwa kufa. Dada zangu, ambao baba hakuwaruhusu kwenda sinema ya usiku asilani, walisikiliza wakiwa nyuma ya dirisha, na wanaikumbuka Sholay vizuri kuliko mimi.

Naandika haya, Ndugu Mhariri, kwa sababu ninashuku kwamba wazee wenzangu wengi wanaosema "filamu za zamani" wako katika hali kama yangu. Wanakumbuka filamu, na ndani ya filamu hiyo wanakumbuka maneno ya Redio wao, miluzi ya watu mkanda ulipokatika, mabishano ya njiani wakirudi kwa miguu kupitia Jangwani. Baadaye, nilipoanza kupata mshahara, nilizijua kumbi zote za mjini kwa zamu, Empire, Avalon, Empress, Odeon, New Chox, Cameo, na ninaweza kueleza mpaka leo wapi viti vilikuwa na kunguni. Lakini niliyoyaona kwa macho yangu yote hayajanikaa kama yale niliyosimuliwa. Hata Drive-In ya Msasani, mahali uliposimama sasa ubalozi wa Marekani, sisi tusio na gari tuliitazama kutoka nje, tumekaa juu ya ukuta. Na kwa kuwa sauti ilitoka kwenye vipaza sauti vidogo vilivyotundikwa kwenye madirisha ya magari, tuliona midomo ikicheza kimya kimya huku Redio, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, akituwekea maneno. Nilikuja kuiona moja ya picha hizo miaka mingi baadaye ikiwa na sauti yake. Haikufanana hata kidogo na ile ya Redio, na ya Redio ilikuwa bora.

Tuseme ukweli pia kuhusu tulizozisahau. Kwa kila Enter the Dragon, iliyotoka mwaka 1973 Bruce Lee akiwa amekwishafariki mwezi Julai mwaka huohuo, kulikuwa na picha nyingi za karate ambamo mwalimu anauawa, mwanafunzi anakimbilia mlimani, anafundishwa na mzee mlevi, anarudi kulipiza kisasi, basi. Hakuna anayezililia hizo. Tumebaki na tano au sita nzuri, na hizo ndizo tunazozipambanisha na kila kitu kinachotengenezwa leo, kizuri na kibaya kwa pamoja, jambo ambalo si haki.

Binti yangu, mama wa huyo mjukuu, alinisikia nikinung'unika siku ile akacheka. Akasema, "Baba, na mimi nawaambia hawa watoto kwamba filamu za zamani zilikuwa nzuri." Za zamani gani? Za Kanumba! Binti yangu alikuwa miongoni mwa umati uliofurika Leaders Club Aprili 2012 kumuaga Steven Kanumba, na kwake yeye enzi za filamu nzuri ni zile za diski zilizouzwa Kariakoo, wakati ambao mimi nilikuwa nikilalamika, kwa maneno yaleyale ya msomaji wa Temeke, kwamba filamu za siku hizi hazina maana. Nilikosa la kujibu.

Hata hivyo sitaki kuonekana kama mtu anayekubali kila kitu kwa kuogopa kuitwa mzee. Ninalo lalamiko juu ya filamu zetu za Kiswahili, nami nitalitaja wazi. Nyingi hazituachii kazi yoyote ya kufanya. Gari linapiga honi nje ya geti. Mlinzi anainuka, anafungua. Gari linaingia, linaegeshwa, mwenye gari anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi ukumbini, anamkuta mkewe kwenye kochi, anamwambia kwamba amerudi. Hapo dakika tano zimekwisha na kinachoweza kusimuliwa kibarazani ni sentensi moja: jamaa alirudi nyumbani. Kisha hadithi ikianza kukolea, inakatwa, tunaambiwa tusubiri sehemu ya pili. Lakini uwezo tunao, na mfano ninao mkononi: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, ina mahali pengi ambapo watu wananyamaza, na katika kunyamaza huko mtazamaji anapata nafasi ya kuingia. Niliitazama nikatamani Redio angekuwapo aisimulie. Tena hiyo ilikuwa lugha yake mwenyewe. Sisi tuliimba nyimbo za Kihindi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kujua hata neno moja la tunachokiimba, na mzee anayewadharau vijana wanaotazama sinema kwa Kiswahili akumbuke hilo kwanza.

Lalamiko langu la pili ni la kumbi. Sinema za mjini zilikufa moja baada ya nyingine, kwanza kwa deki na mikanda ya video, kisha kwa televisheni, na majengo yakageuzwa maduka, maghala na nyumba za ibada. Kumbi za kisasa zilizobaki zimo ndani ya maduka makubwa, na mtu wa Tandale au Mbagala akijumlisha nauli, tiketi na bisi za watoto watatu, anaona afadhali akanunue unga. Kilichobaki uswahilini ni kibanda umiza, chenye mabenchi, televisheni na filamu iliyotafsiriwa, ambamo mtafsiri aliyefuata nyayo za Lufufu anamfanya mpelelezi wa Marekani amuulize jambazi kama anaijua Manzese. Wasomi wanakasirika kwamba hiyo si tafsiri. Haki za waliotengeneza filamu hizo zinavunjwa, na hilo sitalitetea. Lakini nikipita nje ya kibanda nikasikia watu wanavyocheka, ninamsikia Redio na kitana chake.

Kwa hiyo ninapendekeza kwa wahusika, ikiwemo Bodi ya Filamu na halmashauri zetu za jiji na manispaa, kwamba kumbi za jamii tulizonazo katika kata, ambazo siku nyingi za juma hukaa zimefungwa, zitumike angalau usiku mmoja kwa juma kuonyesha filamu moja ya Kitanzania, kwa kiingilio cha kibanda umiza, mtengenezaji akilipwa sehemu yake mlangoni. Projekta na shuka jeupe si gharama ya kuishinda serikali ya mtaa. Taa zizimwe, simu zizimwe, na baada ya filamu watu wasifukuzwe haraka, waachwe wabishane.

Nirudi kwa Gabbar, maana sijamaliza. Baada ya aibu ile niliomba mjukuu anisaidie kutafuta habari za filamu hiyo, na tuliyoyapata yalinifanya nikae chini. Mwongozaji, Ramesh Sippy, alikuwa amepiga mwisho ambamo Thakur anamuua Gabbar kwa miguu yake. Wakaguzi wa filamu wa India, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1975, wakaukataa, wakataka polisi waingie na sheria ichukue mkondo wake, na huo ndio mwisho ulioingia kwenye kumbi. Mwisho wa kwanza ukafichwa kwa miaka mingi. Mwaka 2025, filamu ilipotimiza miaka 50, nakala iliyorekebishwa yenye mwisho huo ilionyeshwa mjini Bologna, Italia. Sina sababu yoyote ya kuamini kwamba Redio aliijua siri hiyo. Alikuwa kijana wa Magomeni aliyeona polisi wanaingia wakati usiofaa, akarudi nyumbani akawaondoa, na kumbe aliurudisha mwisho uleule ambao mwongozaji mwenyewe aliutaka.

Juzi jioni nilimsikia mjukuu wangu akiwasimulia wenzake Sholay kibarazani. Thakur alimuua Gabbar, bila shaka, na machozi yasiyofutika yalikuwapo. Ila ile pikipiki yenye kigari cha pembeni, ambayo Jai na Veeru wanaipanda wakiimba, amekwishaigeuza bajaji, na mmoja wa wasikilizaji alikuwa akitaka kujua waliilipa shilingi ngapi.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Magomeni, Dar es Salaam.