Mumbai: lala kusini, usilale karibu na uwanja wa ndege

Mwaka jana tulimsafirisha mama mmoja wa hapa Mombasa na wanawe wawili, siku nne Mumbai. Hoteli tuliwachagulia sisi, karibu na uwanja wa ndege, kwa kuwa ilikuwa nafuu na ndege yao ilitua usiku wa manane. Aliporudi alituonyesha picha kwenye simu, na nyingi zilikuwa zimepigwa kupitia kioo cha teksi. Jambo hilo lilituuma. Tangu siku hiyo safari za Mumbai tunazipanga kwa njia nyingine.

Mji wenyewe umekaa hivi. Zamani vilikuwa visiwa saba. Bahari iliyokuwa kati yake ikafukiwa mpaka vikashikana, na leo ni ulimi mrefu, mwembamba, ulionyooka kuelekea kusini. Uwanja wa ndege uko juu, kaskazini. Mengi anayoyafuata mgeni yako huku nchani: Gateway of India iliyokamilika mwaka 1924, stesheni kuu ambayo wazee bado huiita VT, yaani Victoria Terminus, soko la Crawford, upepo wa jioni wa Marine Drive. Ni kilomita 25 hivi, na magari yakishikana jioni safari hiyo humaliza saa mbili nzima.

Kwa hiyo sasa wateja wetu tunawatafutia vyumba Colaba au Fort, mitaa ya huko kusini. Bei iko juu kidogo, hatukufichi. Lakini faida yake utaiona kwenye treni. Asubuhi umati wote hushuka kusini kwenda kazini, jioni hupanda kaskazini kurudi nyumbani, na wewe unayelala kusini unakwenda kinyume chao. Simama stesheni ya Churchgate, huko huko kusini, saa tatu asubuhi: treni inaingia, watu wanaruka kabla haijasimama sawasawa, na kufumba na kufumbua behewa ni tupu. Hapo panda, kaa dirishani, ushuke Mahalaxmi utazame Dhobi Ghat kutoka darajani, mamia ya shuka yakianikwa juu ya mabirika ya kufulia. Kina mama wana mabehewa yao. Treni nyingi husafiri milango wazi, basi watoto wakae ndani kabisa.

Tangu Oktoba 2025 metro ya chini ya ardhi inatoka uwanja wa ndege hadi Cuffe Parade, jirani na Colaba. Usiku wa manane haitembei, kwa hiyo anayefika saa hizo tunamwekea gari. Barabara wakati huo ni nyeupe. Tuktuk usizitafute kusini, haziruhusiwi kufika huko.

Elephanta, kisiwa chenye mapango ya kale, usiipange Jumatatu, mapango hufungwa. Siku nyingine boti huondoka pale Gateway, mwendo wa saa moja hivi. Ndani ya pango kubwa kuna sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu, mwenye nyuso tatu, urefu kama mita 6, amechongwa kwenye mwamba wenyewe wa kilima. Ukitoka juani huoni kitu. Ngoja macho yazoee giza, nyuso zitajitokeza moja baada ya nyingine. Kwa hilo pekee safari imelipa.

Dargah ya Haji Ali, yaani kaburi la walii, iko baharini, na njia yake hufunikwa maji yakijaa. Mtu wa pwani hafundishwi habari ya kujaa na kupwa. Tutakupa saa za siku yako. Chakula cha halali kimejaa Mohammed Ali Road. Vada pav nayo usiikose: fikiria viazi karai vilivyopondwa, vikatiwa ndani ya mkate laini pamoja na chatne ya kitunguu saumu. Na sokoni ukisikia "lakh", ni laki hii hii yetu.

Msimu mzuri ni Novemba hadi Februari, wakati wa kaskazi. Kusi ikishika, Juni hadi Septemba, ndiyo inayowapelekea wao mvua kubwa. Boti huweza kusimama na reli kufurika.

Viza huombwa mtandaoni. Kinachowakwamisha watu ni chanjo ya homa ya manjano: anayetoka Kenya lazima awe na cheti, na chanjo iwe imepigwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Asiye nacho huweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na likizo yake imekwisha. Anayetaka kwenda Desemba aje na pasipoti na cheti hicho kuanzia sasa. Ramani iko mezani, tutakaa naye tuipange siku moja moja.